Kidole Kimoja

Mtoto alichuchumaa pembeni ya pikipiki iliyopandishwa kwenye stendi, akapapasa bamba la chini, lile linalokinga injini. "Baba, mbona hapa pamebonyea?" Nikamwambia ni jiwe. Lakini mimi akilini nilikuwa nimeshairudia jioni ile niliyolifunga.

Bamba la alumini, unene milimita 4, bolti nne za M8, yaani kipenyo milimita 8: mbili mbele, mbili nyuma, zinaingia kwenye vibanio vinavyokumbatia mabomba ya fremu. Kuosha tope na kupangusa fremu kulikwisha upesi. Vipande vya raba chini ya vibanio ndivyo visivyorukwa: mchanga ukijipenyeza kati ya kibanio na bomba husaga rangi, na kutu huanza mahali usipopaona.

Nilikosea mbele. Nilikaza bolti mbili za kwanza mpaka mwisho, kisha nikakuta matundu ya nyuma yamepishana kama milimita 3. Nikalala chali, nikalisukuma bamba kwa kiganja, nikaingiza bolti ya tatu kwa spana. Mzunguko wa kwanza ulikwenda. Wa pili ukawa mzito, na chuma kikalia kidogo, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Nikaacha hapo hapo. Bolti iliyokaa sawa huzungushwa kwa vidole mara tatu au nne kabla ya kuhitaji spana. Ikiwa nzito tangu mwanzo, imeingia upande, na ukilazimisha inakula thredi, ile mikunjo ya skrubu inayoishika. Nikairudisha polepole. Nchani kulikuwa na uzi mwembamba wa chuma, unang'aa kwenye mwanga wa tochi. Kibanio nikakipitishia kifaa cha kukatia thredi, bolti nikaitupa.

Nilipolegeza zote na kuzianza upya kwa vidole, ndipo nikaona kubwa zaidi: bamba lilikuwa limeegemea kichwa cha bolti ya kumwagia oili. Bamba linalogusa injini halikingi chochote. Jiwe likipiga, pigo linapita moja kwa moja hadi kwenye ganda la injini, na alumini ya kumiminwa haipindi, inapasuka. Nikaweka vipande vya bomba vya milimita 10 kati ya bamba na vibanio, pamoja na bolti zilizozidi urefu kwa kipimo hicho hicho, maana bolti fupi hushikwa na thredi chache mno. Kidole changu kikapita kote kati ya bamba na injini. Nikatia gundi ya thredi ya nguvu ya kati, nikakaza kwa kupishanisha pembe, kwa nguvu ya nyutonimita 20. Baada ya safari ya kwanza nilizikagua tena. Mbili zilikuwa zimelegea.

Jiwe lilikuja wiki chache baadaye. Nilipofungua bamba, kichwa cha bolti ya oili kilikuwa na mkwaruzo mwembamba tu. Bamba lilibonyea, likafika, likagusa, likarudi kidogo. Injini haikuvuja hata tone.

Bado najiuliza kama milimita 10 zilitosha au ziliponea chupuchupu. Ningeweka 15, bamba lingeshuka na kugonga mawe ambayo sasa linayapita juu.

Mtoto ameingiza kidole kwenye upenyo, pale palipobonyea. Chake kinapita. Changu kinakwama.