Siku Moja Maishani Mwangu: Kicheko Kwenye Meza ya Mbunifu

Saa mbili asubuhi. Kazi iliyo mezani ni alama za kuelekeza watu katika wodi ya watoto. Kompyuta bado imezimwa. Nina kalamu nene na rundo la karatasi zilizotumika upande mmoja.

Saa tatu. Tunaanza na mchezo wa wazo bovu kuliko yote. Kila mmoja anachora alama ambayo hospitali haiwezi kuikubali kamwe. Mwenzangu anachora konokono anayeelekeza chumba cha dharura, kisha kiboko aliyekwama mlangoni kwa daktari wa meno. Mimi nachora twiga anayechungulia kona. Tunacheka, halafu ghafla tunanyamaza: shingo ya twiga imepinda palepale korido inapopinda. Kishale hakihitajiki tena, shingo yenyewe inaonyesha njia.

Sheria ni moja tu: linachekwa wazo, hachekwi mtu. Anayechekwa yeye, wazo lake linalofuata atalimeza, na huenda ndilo tulilokuwa tukilitafuta.

Saa nne. Kijana anayejifunza kazi ananiuliza, “Kaka, mteja akijua tunalipwa kucheka?” Namweleza utafiti ambao mwanasaikolojia Alice Isen na wenzake walichapisha mwaka 1987. Watu walipewa mshumaa, kiberiti na boksi la pini, wakaambiwa wausimamishe mshumaa ukutani nta isidondoke chini. Jibu ni kumwaga pini na kulibandika boksi ukutani liwe kibao cha kuuwekea mshumaa. Waliotangulia kutazama dakika chache za vichekesho walilipata mara nyingi zaidi kuliko waliotazama filamu isiyochekesha. Hicho ndicho ninachokitaka asubuhi: jicho linaloona boksi kama kitu kingine.

Saa sita, chakula, na mjadala wa birika ambalo msanifu majengo Michael Graves aliwabunia Alessi, kampuni ya Italia ya vyombo vya nyumbani, mwaka 1985. Kwenye mdomo wa birika kuna kindege anayepiga mbinja maji yakichemka. Nalipenda kwa sababu ukimwondoa kindege, hutajua maji yamechemka. Mzaha umepewa kazi.

Saa nane. Tunabandika karatasi ukutani na kutembea kwa magoti. Nusu ya mawazo ya asubuhi yanafia hapa, maana mtoto haoni tulichokiona sisi tuliosimama. Twiga anashushwa. Juu yake, usawa wa macho ya mzazi, tunaweka maneno makubwa na wazi, bila pambo. Mzazi aliyebeba mtoto mwenye homa hana muda wa kufumbua fumbo.

Saa kumi. Muuguzi mkuu anafika, anamtazama twiga, anatabasamu. Kisha anasema mnyama yeyote asikae kwenye mlango wa wagonjwa mahututi. Nakubaliana naye kabisa. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mzazi anayelia mbele ya mchoro wa kuchekesha atajiona amedhihakiwa. Mlango ule utabaki na herufi nyeupe juu ya buluu.

Saa kumi na moja. Vipimo, ukubwa wa herufi, tofauti ya rangi kwa wasioona vizuri. Hapa hatuchezi. Shingo ya twiga inagonga kizima moto cha ukutani, kwa hiyo kesho tutaipindisha mapema zaidi, na kijana ameomba kuichora yeye.