Maktaba bila faini: ninavyofanya vitabu virudi

Niko kwenye dawati la kuazimisha katika maktaba ya mtaa, Eastlands, Nairobi, na hatutozi faini ya kuchelewesha kitabu. Mtu akisikia hivyo hudhani vitabu vinagawiwa. Wapi! Faini ni ya siku, fidia ni ya kitabu. Tuliyoondoa ni faini peke yake. Chicago walifuta zao Oktoba 2019, New York Oktoba 2021, na kote huko ukipoteza kitabu bado unakilipa. Faini ikishakaribia bei ya kitabu chenyewe, kitabu hubaki nyumbani na mtoto naye haji tena.

Muda wa kuazima ni siku 14. Siku mbili kabla haujaisha, msomaji hupata ujumbe wa simu. Kama hakuna anayekisubiri kitabu, muda unaongezwa wenyewe, mara mbili tu. Siku 7 baada ya muda kuisha kabisa, kadi inafungwa. Kufungwa maana yake haazimi. Kuketi ndani na kusoma ni ruhusa, na msaidizi akimzuia mlangoni mpango mzima umeharibika. Siku ya 28 ya kuchelewa kitabu kinaandikwa kimepotea na bei yake inaingia kwenye kadi. Kikirudi baadaye, deni linafutwa. Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, hufanya haya ukiipangia, ila bei iandikwe kwenye rekodi ya kila nakala tangu inapoingizwa.

Ujumbe usizidi herufi 160, la sivyo unalipiwa kama miwili. "Hakuna faini" hutangulia, halafu jina la kitabu, halafu siku. Kinachokwamisha zaidi ni laini: watu hubadilisha namba, na ya mtoto huenda ni ya jirani. Kwa hiyo naandika namba mbili na jina la shule, na ninaziflashi palepale dawatini kabla kadi haijatoka. Vinavyoazimwa shule zikikaribia kufungwa kwa Disemba navipangia kurudishwa Januari, maana familia nyingi huwa mashambani.

Kabla ya kuandika "kimepotea" naenda rafuni. Si vichache vinavyodaiwa vimo humo humo, vilirudishwa bila kusajiliwa. Natazama mahali pake, rafu ya juu na ya chini, nyuma ya safu ambako vyembamba huteleza, kikapu cha vinavyosubiri gundi, na sehemu ya watoto. Msomaji akishikilia kwamba alikirudisha, simbishii. Deni linasitishwa kwanza, msako unarudiwa wiki inayofuata.

Fidia naipenda zaidi ikija kama kitabu kuliko pesa, kwa sababu wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini kati huuza kwa bei nafuu. Nakifungua katikati: maandishi yaliyofifia, kurasa zilizokatwa upande na gundi inayoachia ni dalili za nakala haramu, hiyo siipokei. Hadithi ya toleo la zamani ni sawa. Kitabu cha darasani cha mtaala wa 8-4-4 hakimfai mwanafunzi wa mtaala mpya. Asiye na pesa hulipa kidogo kidogo kwa risiti, na akishaanza kulipa kadi inafunguliwa kwa kitabu kimoja.

Vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa Kidato cha Nne ndivyo vinavyopotea mfululizo. Hivyo nakala moja haitoki nje kamwe, na zilizobaki huazimwa kwa siku 7.