Kazi ya chupa: siku yangu moja Leipzig

Kwetu Tanga mtu akikwambia saa moja asubuhi huna haja ya kuuliza zaidi. Jua limeshatoka, muuza maandazi ameshafika nusu ya beseni, watoto wako njiani na sare zao. Huku Leipzig mwezi wa Desemba saa moja asubuhi ni usiku. Saa mbili pia ni usiku. Jua linajitokeza saa mbili na dakika kama kumi hivi, tena limenuna, na ikifika saa kumi limeshakwenda zake. Nayasema mapema ili nikitaja saa humu usinishangae. Saa ni zetu zilezile, ila jua haliko kazini.

Nyumbani wanajua nasoma Ujerumani, basi. Wana picha yangu moja, nimesimama kwenye theluji mpaka kwenye vifundo, nacheka meno yote thelathini na mbili. Picha ile imeniponza. Tangu niitume haipiti wiki sijaombwa simu. Ndiyo maana Alhamisi hii nimeamua kuiandika siku yote, na chupa zake.

Saa kumi na mbili asubuhi. Naamka, najitanda shuka mabegani, naswali. Hapo majira ya baridi nayashukuru, maana Alfajiri yake haina haraka. Chai ya rangi, tangawizi. Chapati tatu nilizopika jana naziweka kwenye kikopo cha mchana.

Saa moja na nusu. Kutupa taka. Usicheke, hii ni shughuli. Uani kuna mapipa manne: la njano la plastiki na makopo, la buluu la karatasi, la kahawia la maganda na makombo, na jeusi la vilivyokosa kwao. Chupa za glasi zina mapipa yake mtaani, nyeupe mbali, kahawia mbali, kijani mbali, na Jumapili huruhusiwi kuzitumbukiza kwa sababu zinapiga kelele. Ghorofa ya chini anakaa bibi mmoja, mwembamba, kanzu yake ya nyumbani ina maua ya zambarau. Mwezi wangu wa kwanza nilitupa maganda ya vitunguu kwenye pipa la njano. Jioni nikayakuta mlangoni kwangu, yamefungwa vizuri kwenye mfuko, na karatasi juu yake iliyoandikwa kwa mkono mzuri kabisa. Sasa kila asubuhi nikitoka uani nasikia dirisha lake. Naweka taka, nampa heri ya asubuhi kwa heshima zote, ananiitikia, nageuka kona. Halafu nasikia kifuniko cha pipa kikifunguliwa. Mimi najifanya sijasikia, yeye anajifanya hajafungua. Tunaishi vizuri.

Saa tatu na robo, darasani. Ratiba inasema saa tatu, lakini chuo hapa kina robo saa ya kuchelewa iliyohalalishwa, desturi ya miaka na miaka. Wajerumani hawa hawa! Mimi nasomea hisabati, mwaka wa pili wa uzamili, na bado saa za Wajerumani zinanishinda. Wao hawasemi saa mbili na nusu. Wanasema nusu ya tisa, kwa maana ya kwamba nusu ya kuelekea tisa imeshapita. Profesa wangu aliniambia nije ofisini kwake nusu tisa asubuhi. Mimi nikahesabu tisa yao, nikaongeza nusu, nikaigeuza iwe saa yetu, nikapata saa tatu na nusu. Nikafika na dakika tano za ziada, nimechana nywele, nimejisifu moyoni. Kumbe nimechelewa karibu saa nzima. Nilipomweleza kwamba kwetu siku inaanza kuhesabiwa kukipambazuka, na kwamba saa tisa yetu ni alasiri, alichora duara ubaoni akaanza kugawanya. Tulipoteza nusu saa nyingine.

Kipindi kikiisha wanafunzi hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Siku ya kwanza nilikusanya daftari langu haraka nikijua fujo zimeanza. Siku hizi nagonga kuliko wote.

Saa sita mchana. Kuna fundi wa jengo hupita pale tunapokaa, na kila akipita anasema neno moja, "Mahlzeit!" Nililitafuta kwenye kamusi nikakuta ni wakati wa mlo. Nikajua nakaribishwa. Nikamjibu, kwa tabasamu, asante sana baba, nimeshakula. Alisimama akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. Ni salamu tu ya mchana, jamani. Nilimkatalia chakula ambacho hakuwa nacho.

Mimi sasa ndiye ninayekaribisha, na hilo limenitia hasara. Nilipofungua kikopo changu, pembeni yangu alikuwa amekaa kijana tunayesoma naye. Ulimi ukawahi: karibu. Mtu wa kwetu anajua jibu lake ni "starehe", na kila mmoja anaendelea na shughuli zake. Yule akasema asante, akachukua chapati moja na nusu. Alizihesabu kwa macho, akagawa katikati kwa haki. Siwezi kumlaumu, amefanya hesabu sahihi. Ila nilikuwa nimebakiza siku nzima mbele, na nusu moja nikaificha ya usiku.

Adhuhuri niliswali kwenye pembe ya ngazi za maktaba, ghorofa ya juu ambako watu hawafiki. Nilipoinuka kutoka sijda nikamkuta binti amepiga magoti kando yangu, anapapasa sakafu. Ananiuliza kwa huruma, ni miwani au ni lenzi ya jicho? Aliponielewa akawa mwekundu mpaka shingoni. Akaniomba radhi mara nne, nami nikamshukuru kwa kunisaidia kutafuta.

Saa kumi. Giza limeingia, nami naingia kazini.

Sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kama mimi kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Visa yangu ya 2024 ilitaka niweke kwenye akaunti iliyofungwa euro 11,904, ambazo zinafunguliwa 992 kila mwezi. Hizo ndizo fedha za shamba la marehemu babu. Ukitoa kodi na bima ya afya, kinachobaki hakikuvushi mwezi ukiwa umenyooka. Kwa hiyo nafanya kazi supamaketi, saa moja mwaka 2025 ilikuwa euro 12.82, na Januari 2026 ikapanda kuwa 13.90, siku nilizihesabu. Kazi yenyewe ni ya chupa.

Huku ukinunua kinywaji unalipia na chupa. Chupa ya plastiki ya kutumiwa mara moja au kopo, senti 25. Chupa ya glasi ya bia inayorudi kiwandani, senti 8. Nyingine za kurudi, senti 15. Ukirudisha unarudishiwa. Wateja wanaona mashine ukutani yenye tundu la duara: unaingiza chupa, mashine inasoma alama, inakupa risiti, unaipeleka kaunta. Wanadhani ni mashine peke yake. Nyuma ya ukuta nipo mimi. Makopo na plastiki yanasagwa na kudondokea kwenye gunia kubwa, ninalobadilisha likijaa. Chupa za glasi zinakuja juu ya mkanda, zinagonganagongana, nazipanga kwenye kreti kwa rangi na kwa umbo, ishirini ishirini. Sakafu inanata. Chumba kizima kinanuka bia iliyochacha, mimi ambaye sijawahi kuionja. Humo chupani utakuta vichungi vya sigara, mbegu za zeituni, na siku moja soksi. Watu wa darasani kwangu wananiambia kazi yako rahisi, unasimama tu. Njoo upange kreti 90 ndani ya saa tatu, halafu tuzungumze.

Nilikuwa naenda vizuri mpaka ikalia kengele ya mteja. Nikatoka. Mzee, miaka yake inakaribia sabini, kofia ya sufu, mifuko miwili mikubwa ya buluu. Makopo matupu, na yote ameyakanyaga yakawa kama sahani, ili yaenee. Mashine haisomi sahani, inataka kopo lenye mwili, igeuze, ione alama. Foleni nyuma yake watu sita. Utaratibu wetu ni kwamba alama ikisomeka, tunampokelea. Kwa hiyo nikakaa kwenye kreti iliyogeuzwa na kuanza kunyoosha kopo moja moja kwa vidole.

Hebu jaribu siku moja. Unaingiza kidole gumba kwenye tundu la kunywea, unasukuma tumbo la kopo kutoka ndani, linalia *pong*, mabaki ya bia yanakumiminikia kwenye mkono wa sweta, unaliviringisha juu ya goti mpaka lirudi kuwa kopo, unampa mzee, mzee analiingiza, mashine inafikiri, inalitema. Unanyoosha tena. Kopo la kumi na tano likanikata kidole. La ishirini nikawa nimejua siri, usianze na tumbo, anza na shingo. Kufikia la arobaini foleni ilishakata tamaa, wengine wameacha mifuko yao chini na kwenda kununua mikate. Mzee hasemi kitu. Ananihesabia kwa sauti ya chini, kama mtu anayevuta uradi.

Makopo yalikuwa 64. Yaliyokubaliwa 57, euro 14 na senti 25. Saba yalikuwa ya Cheki, si mbali na huku, hayana alama ya Ujerumani. Nikamweleza. Hapo ndipo mzee alipofumbua mdomo. Anaongea Kijerumani cha Saksonia, kile ambacho herufi k inakuwa g na t inakuwa d, na mimi Kijerumani changu ni cha kitabuni. Nilichokamata ni kwamba kopo ni kopo, kwamba yeye ameyaokota hapahapa bustanini, hakuyaleta kutoka Cheki, na kwamba anataka euro yake na senti 75. Sauti ikapanda.

Ingekuwa Ngamiani, mtaani kwetu Tanga, ningejua la kufanya. Unashusha sauti, unamshika mkono, unasema, mzee wangu, samahani, usikasirike. Basi nikatafuta kichwani neno la Kijerumani lenye uzee ndani yake. Nikalipata. Nikaweka mkono kifuani nikasema, kwa unyenyekevu nilionao wote:

"Entschuldigung, Alter."

Ambaye hajui Kijerumani nimfafanulie. Neno hilo kweli limetokana na uzee, lakini siku hizi ni lugha ya vijana wa vijiweni. Ni "oya, mshikaji". Nilimwambia babu wa watu, mbele ya watu sita, "sori, mwana". Na nilikuwa nimeshamtajia "du", ile wewe ya kuitana watoto na marafiki, badala ya "Sie" ya heshima. Kiswahili wewe ni moja tu, heshima unaiweka kwenye shikamoo. Wao wameiweka kwenye wewe.

Foleni ikanyamaza. Kijana mmoja mwenye vipokea sauti masikioni akavitoa. Mzee akainua kofia kidogo, akaniangalia kuanzia viatu. Mkuu wa zamu, mama mtu mzima, ambaye alikuwa amekuja kuona kuna nini, aligeukia rafu ya maji akajifanya anasoma bei, mabega yanamtetemeka. Ni yeye aliyenivuta pembeni akanieleza nilichosema. Rangi yangu haitangazi aibu, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto. Nilirudi nikamwomba mzee radhi kwa "Sie" kila baada ya neno moja, hata pasipohitajika. Nikamweleza kwamba kwetu mzee ni cheo. Alichukua risiti yake ya 14.25, makopo saba akayaacha palepale juu ya mashine, akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Kulikuwa na kreti, gunia, kreti. Mtu alivunja chupa ya sosi karibu na kaunta ya tatu, nikaitwa na mopu. Kidole kilikuwa na plasta na plasta ilikuwa na bia. Nadhani ilikuwa karibu na kufunga, nimeinama naokoa chupa iliyolala kwenye mkanda, nikasikia sauti ndani ya chumba, na chumbani nilikuwa peke yangu. Inatoka kwenye tundu la mashine.

"Alter!"

Nikainama nikachungulia. Upande wa pili wa ukuta, ndani ya duara, kulikuwa na jicho moja na ukingo wa kofia ya sufu. Halafu jicho likaondoka, likaingia kopo. Zima, la duara, halijakanyagwa. Mashine ikalipokea bila neno. Likafuata lingine. Yalikuwa kumi na tatu.

Kwenye tramu ya kurudi viti vya pembeni yangu vilibaki vitupu kwa sababu nilikuwa nanuka kama kilabu cha pombe. Mama mmoja wa Kiarabu mwenye hijabu alinitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamvuta mwanawe upande wa pili. Nilitaka kumweleza. Kwa Kijerumani kipi?

Nilipofika mkuu wa zamu ameshanitumia ujumbe: Jumamosi nusu ya saba asubuhi. Nikahesabu mara mbili, nikaandika kwenye kiganja kwa kalamu, saa kumi na mbili na nusu. Sweta siwezi kulifua usiku huu, mashine ya kufulia inapiga kelele na bibi wa chini yuko macho. Nimelitundika nje ya dirisha, ligande.

Mama naye kaacha ujumbe wa sauti kabla hajalala, maana huko wako mbele kwa saa mbili. Anasema mdogo wangu anaulizia ile simu, na baridi ikizidi nivae soksi mbili, na je, leo nimekula nini cha maana. Nikafungua kikopo. Ile nusu chapati ilikuwa imekauka pembezoni. Nikaichovya kwenye chai nikamrekodia mama jibu huku natafuna, ili asikie mwenyewe.