Koki ya Pili

Siku nne zimepita tangu binti yangu mkubwa aniulize swali lile, na bado nalisikia kila ninapopita sebuleni. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati la tangi letu la samaki, tochi mkononi, akiyafuata mabomba kwa kidole kutoka juu hadi chini, kisha akasema, "Baba, hili bomba la dharura umelitia koki ya nini?" Nikamjibu, bila hata kugeuka, "Ili lifanane na lenzake."

Ili lifanane na lenzake. Wiki hii mama ametoka hospitali nami nimekabidhiwa idara mpya kazini, lakini maneno niliyolala nayo na kuamka nayo ni hayo manne.

Hakubishana nami. Alizima tochi akaenda zake, na ukimya wake ndio unaoniuma, kwa sababu alikuwa ameshaelewa jambo ambalo mimi nililisoma, nikalichora kwenye karatasi, kisha nikalisahau mara nilipoanza kutamani mabomba yapendeze. Bomba kuu huteremsha maji kutoka tangi la juu hadi tangi la chini kwa sifoni, yaani likiwa limejaa pomoni bila hewa ndani, na koki yake ndiyo inayolipimia mwendo ili maji katika kisanduku cha kufurikia, kile kinachopokea maji yanayofurika kutoka tangi la juu, yasipande wala kushuka. Bomba la dharura hukaa kavu, mdomo wake ukiwa juu kidogo ya maji hayo, likingojea siku ambayo konokono au jani litaziba lile kuu. Siku hiyo ikikuta koki imefungwa, hata kwa mkono wa mtoto aliyekuwa akicheza tu, pampu itaendelea kupandisha maji kutoka tangi la chini hadi yamwagike sakafuni. Bomba hilo halitakiwi kuwa na kizuizi cha aina yoyote.

Jumamosi nilichukua msumeno. Bomba la plastiki likishashikwa na gundi halifunguki, kwa hiyo nililikata juu na chini ya koki, nikaunga kipande kipya, nikaiacha gundi ikauke hadi kesho yake. Ndipo nilipomwita. Nilifunga koki ya bomba kuu kabisa, kana kwamba limeziba, tukatazama maji yakipanda kisandukuni, yakaufikia mdomo wa bomba la dharura, yakaingia kwa ngurumo iliyomfanya ashike mkono wangu. Halikumwagika hata tone. Nilipoifungua tena na kuirekebisha kidogo kidogo, ngurumo ilikatika na nyumba ikatulia.

Kisha yeye mwenyewe akazima pampu, kama umeme ungekatika. Maji yalirudi nyuma kupitia bomba la kupandishia mpaka tundu dogo nililolitoboa chini kidogo ya uso wa maji likaanza kuvuta hewa. Tangi la juu lilikuwa limeshuka sentimita 3, naye akapiga hesabu kwa sauti, urefu mara upana mara kina kilichoshuka, kwa sentimita: 150 mara 60 mara 3, lita 27. Tangi la chini lilizipokea zote na nafasi ikabaki.

"Koki ile haikuwa na kazi," nikamwambia.

"Nilikuwa naogopa kukwambia, Baba," akajibu, na sasa ni jibu hilo ninalolirudia.

Kambare wetu mzee, aliyehamishiwa kwenye ndoo tangu kazi hii ianze, hajagusa chakula tangu juzi.