Shingo ya Chuma

Tulikuwa na neno letu la usiku: "Niulize." Mmoja akilitamka, mwenzake aliacha alichokuwa akifanya, akafungua daftari la maswali, akachagua swali lolote na kulisoma kwa sauti ya mtu asiyekufahamu kabisa. Hakuna kucheka. Hakuna kudokezana hadi jibu liishe, hata kama mtu amekwama dakika tatu. Sheria hizo aliziweka mwenzangu wa chumbani, na ndiye aliyezishika kuliko mimi. Tulikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi mitambo, na ubaoni lilikuwa limebandikwa tangazo la kampuni ya kwanza itakayokuja chuoni kutahini na kusaili.

Daftari lilikuwa moja, la sote wawili. Kurasa za mbele zilikuwa za mtihani wa mchujo: mabomba na matangi, treni zinazopishana, pembe kati ya mikono ya saa, mifululizo ya namba. Nyuma kulikuwa na maswali ya fani, kuanzia sheria za joto hadi aina za giya. Katikati, kwa wino mwekundu, tuliandika yale maswali yaliyotutisha kuliko hesabu yoyote: jieleze, kwa nini tukuchukue wewe, udhaifu wako ni upi.

Kampuni ya kwanza ilinitoa kwenye mchujo. Maswali 60, dakika 60. Nilikuwa nimefanya mamia ya maswali ya aina ile nikiwa nimetulia kitandani, kwa hiyo niliingia ukumbini bila hofu. Swali la 14 likanishika. Bomba moja linajaza tangi kwa saa 6, la pili kwa saa 4, na la tatu, chini ya tangi, linaweza kulimaliza lote kwa saa 12. Yote matatu yakifunguliwa, tangi litajaa baada ya muda gani? Nikajumlisha sehemu ya sita, sehemu ya nne na sehemu ya kumi na mbili, nikapata nusu. Saa 2. Machaguo yalikuwa manne na saa 2 haikuwemo. Nikarudia, nikapata ileile. Nikarudia tena. Nilikuwa najumlisha maji yanayotoka badala ya kuyatoa, na kila nilivyozidi kuharakisha ndivyo macho yangu yalivyozidi kuliruka lile neno "kulimaliza". Nilipoona kosa na kupata saa 3, dakika saba zilikuwa zimekwisha kwenye swali lenye alama moja.

Kuanzia hapo sikufikiri tena, nilikimbia. Msimamizi alipotangaza dakika mbili za mwisho nilikuwa na maswali 12 matupu, nikayajaza kwa kubahatisha bila kuyasoma. Majina yalipobandikwa, la mwenzangu lilikuwepo.

Usiku ule hakunipa pole za maneno mengi. Alichukua karatasi akaniuliza, "Hayo 12 uliyobahatisha, ulitegemea kupata nini?" Kila jibu lisilo sahihi lilikatwa theluthi moja ya alama. Akaandika: machaguo manne, kwa hiyo kati ya 12 utapatia kama 3 na kukosea 9, tisa mara theluthi ni 3, umepata tatu, umepoteza tatu. Sifuri. "Lakini ukilisoma swali, ukaweza kufuta chaguo moja tu," akasema, "unapatia 4, unakosea 8, unakatwa mbili na theluthi mbili. Umebaki na zaidi ya alama moja." Nilitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Miaka minne nilikuwa nikisoma hesabu, na sikuwahi kufikiria kuitumia kwa mtihani wenyewe.

Akanifundisha namna yake ya kupita karatasi mara tatu. Mara ya kwanza unachukua yale tu ambayo jibu lake unaliona ndani ya nusu dakika. Mara ya pili, yale ambayo njia unaijua ila ni ndefu. Mara ya tatu ndipo unarudi kwa yaliyokushinda, ukifuta machaguo yasiyowezekana. Sehemu ngumu kwangu ilikuwa kuacha. Naona hata leo kwamba kuacha swali unalojua unaliweza, kwa kuwa tu muda wake haujafika, ni kazi ya moyo zaidi kuliko ya akili. Alinikalisha na saa mezani, na kila nilipopitisha dakika moja na nusu kwenye swali aligonga meza kwa kalamu. Niliichukia kalamu ile. Kampuni ya pili ilipokuja wiki tatu baadaye, niliisikia kichwani ukumbini, nikaacha maswali tisa kwenye raundi ya kwanza, nikayarudia sita kati yake na kuyamaliza. Safari hii majina yetu yote mawili yalikuwa ubaoni. Usaili kesho yake asubuhi.

Kwa maswali ya wino mwekundu nilikariri. Jibu langu la "jieleze" lilikuwa la dakika moja kamili, nimelipima kwa saa. Kwa maswali ya fani pia nilikariri, na michoro hasa, kwa sababu tulisikia kutoka kwa waliotutangulia kwamba wasaili wanapenda kukupa kalamu. Mchoro nilioumudu kuliko yote ni ule wa chuma laini kinapovutwa hadi kukatika: mkazo, yaani nguvu ikigawanywa kwa eneo, ukipanda kwenye mstari wima, urefu ukiongezeka kwenye mstari wa mlalo. Kwanza mstari ulionyooka, ambao mteremko wake ni takribani gigapaskali 200 kwa chuma. Halafu pale chuma kinapolegea, kijino kidogo na sehemu bapa. Halafu mlima wa kukaza. Halafu kilele, kushuka, kukatika. Ningeweza kuuchora nikiwa nimefumba macho.

Walikuwa wawili mezani. Kijana mmoja mwenye kompyuta, na mama mmoja mhandisi, umri wa mama yangu, miwani imening'inia kifuani. Nikajieleza. Dakika moja kamili. Yule mama hakuandika kitu. Alisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo avuke barabara, kisha akanisogezea karatasi.

"Umesema unapenda somo la vifaa. Nichoree chuma laini kikivutwa."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikachora vizuri, kwa kujiamini, nikaandika jina la kila sehemu. Akavaa miwani, akautazama, akaweka kidole pale baada ya kilele, mstari unapoanza kushuka.

"Hapa chuma kinakaribia kukatika?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa mchoro wako, mkazo unapungua. Sasa niambie, binti. Kitu ambacho mkazo wake unapungua kinakatikaje?"

Daftarini hapakuwa na swali hilo. Nilipekua kichwani ukurasa kwa ukurasa, nikaona mistari, nikaona majina, nikaona hadi doa la wino lililokuwa pembeni mwa mchoro wetu. Jibu sikuliona. Nikasikia kiyoyozi. Kijana aliacha kuchapa. Yule mama hakunisaidia wala hakunikatiza, na ndivyo nilivyopata nafasi ya kukumbuka mkono wangu.

Mkono, kwa sababu nilichokumbuka kilikuwa joto. Mwaka wa pili, kwenye maabara, mashine ilikuwa imevuta kipande cha chuma hadi kikalia kama bunduki na kukatika. Wanafunzi wengine walikuwa wameinamia karatasi kunakili namba. Fundi wa maabara, mzee aliyekuwa pale kabla hatujazaliwa, akakifungua kipande kutoka kwenye taya za mashine, akaniita nilipokuwa nimesimama karibu. "Shika, mwanangu. Shika pale kilipokatikia." Kilikuwa cha moto. Sikuwa nimetegemea, hakuna moto uliokuwa umekigusa. Akaniambia nguvu yote ile ya mashine imegeuka joto, na imekusanyika hapo kwa kuwa hapo ndipo chuma kiliponyong'onyea. Akakipitisha kipande kati ya vidole vyangu polepole: nene, nene, halafu kinaingia ndani ghafla kama kiuno cha nyigu. "Hii wenyewe mnaiita shingo," akasema.

Nikainua kichwa. "Kinafanya shingo, mama."

"Endelea."

"Baada ya kilele kinaanza kuwa chembamba sehemu moja. Eneo linapungua pale tu. Lakini sisi tunagawanya nguvu kwa eneo la mwanzo, kabla hakijavutwa. Kwa hiyo mchoro unashuka, ila chuma chenyewe, pale shingoni..." Nilisita. Sikuwahi kulisema jambo hili mdomoni. "Pale shingoni mkazo bado unapanda."

Akachukua kalamu yangu, akaandika namba nne: kipenyo cha mwanzo milimita 10, shingoni milimita 6, nguvu kileleni kilonyutoni 35, wakati wa kukatika 25. "Nionyeshe."

Eneo la mwanzo, milimita za mraba 78.5. Kileleni, megapaskali 446 hivi. Wakati wa kukatika, kwa eneo lilelile la zamani, 318. Ndiko kule kushuka kwa mchoro wangu. Kisha nikatafuta eneo la shingo, 28.3 tu, nikagawa 25,000 kwa hiyo. Ikatoka 883. Nikaitazama namba ile. Karibu mara mbili ya kilele nilichokuwa nimekichora kwa mbwembwe. Nilitabasamu mbele ya wasaili wangu bila kujizuia, na sidhani niliwahi kufurahia hesabu yoyote maishani kama ile.

Akaniuliza kuhusu chuma cha kusubu. Nikamwambia hakifanyi shingo, kinakatika kikiwa na unene wake uleule, sura ya mkatiko bapa na yenye chembechembe, na hakikupi onyo. Hilo nililijua kwa sababu mzee alikuwa na droo nzima ya vipande vilivyokatika, na siku ile alinionyesha vya aina zote. Kisha akarudi kwenye kile kijino kidogo, pale chuma kinapolegea. Kwa nini mkazo unaruka juu kidogo kabla ya kushuka na kutulia?

Hapo nilifika mwisho wangu. "Hilo sijui, mama."

Nilidhani uso wake utabadilika. Badala yake alinieleza kwa kalamu, taratibu, kama mwalimu ambaye bado ana kipindi kizima mbele yake: ndani ya chuma mna mistari ya dosari katika mpangilio wa atomi, na chuma kinabadilika umbo bila kurudi tena pale mistari hiyo inaposogea. Atomi ndogo za kaboni hukusanyika kwenye dosari hizo na kuzishikilia. Inahitajika nguvu ya ziada kuzing'oa. Zikishang'oka, zinasogea kwa nguvu pungufu. Ndicho kijino. Nilimwomba ruhusa ya kuandika. Akanisukumia karatasi.

Maswali ya mwisho, ya yule kijana, siyakumbuki vizuri. Yalihusu kufanya kazi zamu za usiku, nadhani, na kama niko tayari kuhama.

Orodha ilibandikwa saa kumi na mbili jioni. Majina saba. Nililiona langu la tano, nikapanda tena juu nikitafuta la mwenzangu, nikashuka, nikapanda. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikujua alifika saa ngapi. "Hongera," akasema, na aliimaanisha, kisha akatangulia kwenda chumbani.

Nilichelewa makusudi. Nilipita maabara lakini ilikuwa imefungwa. Nilizunguka majengo mara mbili huku nikibeba furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Yeye ndiye aliyenivusha kwenye mchujo. Kwa hesabu alinizidi mbali, hakuna aliyebisha. Baadaye alinieleza kwamba walimuuliza swali la kwanza la fani, akalijua, na sauti ikakataa kutoka. Akakaa nalo mdomoni hadi wakaingia la pili.

Nilipofungua mlango alikuwa amekaa kitandani kwake, viatu vya usaili bado miguuni. Daftari lilikuwa juu ya mto. Nikakaa kitandani kwangu. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani na yote yalikuwa mabaya, kwa hiyo sikuyasema.

Muda ukapita. Nje watu walikuwa wakisherehekea kwa kelele, labda wale wengine sita. Akainama akavua kiatu kimoja, akakiweka sakafuni, akavua cha pili. Kisha akanirushia daftari.

"Niulize."

Sikulifungua. Nilimtazama kama mtu nisiyemfahamu, kama sheria yetu inavyotaka, nikamuuliza kwa nini mchoro wa chuma laini unashuka baada ya kilele ilhali chuma ndiyo kwanza kinaelekea kukatika. Akafumba macho. Nikahesabu moyoni hadi arobaini, hamsini. Sauti ilipotoka ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilitoka.

"Nipe karatasi kwanza," akasema.