Soksi Ambazo Sikuzivua

Aliingia akichechemea, na kabla hajaketi harufu ilikuwa imeshanifikia. Aliyewahi kufanya kazi wodi ya upasuaji haisahau harufu ile, nzito, yenye utamu wa kukera, ya nyama inayooza ingali mwilini. Nilijua ana kidonda kabla sijajua kiko wapi. Kisha nikamtazama usoni, nikamtambua, nikahisi tumbo limenikata.

Wiki 5 nyuma nilikuwa nimemhudumia mimi mwenyewe, chumba kile kile, kwenye kiti kile kile.

Wakati huo nilikuwa na miezi 8 tangu nianze kazi ya muuguzi mbobezi, yaani muuguzi aliyerudi darasani, akafundishwa kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Kazi hii ilianzia Marekani mwaka 1965, pale Loretta Ford, muuguzi wa afya ya jamii, na Henry Silver, daktari wa watoto, walipoanzisha mafunzo yake katika Chuo Kikuu cha Colorado. Mwalimu wetu hakuchoka kutukumbusha kwamba Ford hakutaka kumgeuza muuguzi kuwa nusu daktari. Alitaka uuguzi wenyewe ufike mbali zaidi. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Kabla ya hapo nilikuwa wodini miaka 11. Niliondoka kwa sababu moja ambayo hadi leo siionei haya. Nilichoka kujua na kusubiri. Saa 8 usiku mgonjwa analia kwa maumivu, mimi naona kabisa kwamba dawa aliyoandikiwa haimtoshi, lakini sina ruhusa ya kuibadilisha. Napiga simu, haipokelewi. Narudi kitandani kwake, namshika mkono, namwambia avumilie kidogo. Usiku wa namna hiyo ulikuwa mwingi mno. Nilipoandika cheti changu cha kwanza cha dawa kwa jina langu na sahihi yangu, nilifunga mlango wa chumba cha kliniki nikalia kwa furaha. Sikuwa nimekosea kuitaka kazi hii.

Nilichokuwa sijakihesabu ni saa ya ukutani. Wodini nilikuwa na mgonjwa yule yule kwa zamu nzima. Ukimwogesha mtu kitandani unamwona mwili wote bila hata kukusudia: kisigino kimeanza kuwa chekundu, mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, kuna mchubuko ambao hakukutajia. Kliniki nilikuwa na dakika 15 kwa kila mgonjwa, na nyingi kati ya hizo zilikwenda kwa kompyuta.

Mara ile ya kwanza alikuja kwa ajili ya kisukari. Ni mzee wa makamo, dereva wa malori, amevaa viatu vizito vilivyopigwa rangi vizuri na soksi za kijivu. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 kilisoma asilimia 9.4. Tukazungumza juu ya chakula, juu ya saa zake za kulala barabarani, nikampandishia metformin, dawa ya kushusha sukari, kutoka miligramu 500 mara 2 kwa siku hadi 1,000 mara 2. Nilimweleza aipandishe polepole, aimeze pamoja na chakula, tumbo lisimsumbue. Nilijisikia nimefanya kazi nzuri, na kwa upande wa sukari kweli nilikuwa nimeifanya.

Alipoinuka, mkono wake ukiwa tayari kwenye kitasa, akageuka.

“Sista, na hii miguu inakufa ganzi. Si sana.”

Nilitazama saa. Wagonjwa 4 walikuwa wananisubiri nje.

“Ukirudi tutaiangalia, baba,” nikasema.

Nikamaliza kuandika. Fomu yetu ya kwenye kompyuta ilikuja na majibu yake tayari, moyo kawaida, mapafu kawaida, miguu kawaida, na kazi yako ilikuwa kubadilisha pale palipo na tatizo. Sikubadilisha kitu. Nikabonyeza kuhifadhi, nikamwita anayefuata.

Sasa alikuwa amerudi. Nikapiga magoti mbele yake. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imegandamana na nyama, nikailowesha kwa maji ya chumvi na kusubiri, nikailowesha tena, nikaivuta taratibu kama nilivyokuwa nikifanya wodini. Chini ya kidole gumba palikuwa na sugu nene, na katikati ya sugu tundu lenye kingo nyeupe, likitoa usaha. Kidole chenyewe kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi upande mmoja.

“Kinauma?”

“Hapana. Ndiyo maana sikuhangaika nacho. Mke wangu ndiye aliyeniambia nanuka.”

Nikachukua kiatu chake, nikaingiza mkono hadi ndani kabisa. Kidole changu kikakutana na ncha ya msumari mdogo uliokuwa umetoboa soli. Nilipomwonyesha alibaki ameutazama. Alikuwa amekanyaga pedali siku kadhaa, saa nyingi kwa siku, huku msumari ule ukimchoma, na hakuhisi chochote; kisukari kilikuwa kimeua hisia za mguu.

Kuna kipimo cha uzi wa nailoni. Uzi umeshikizwa kwenye kijiti, na umetengenezwa ili ujipinde pale tu unapousukuma kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa sehemu mbalimbali za wayo, kila akihisi anasema ndiyo. Hakihitaji maabara, na ukishazoea hakimalizi dakika 2. Nikamwambia afumbe macho. Nikamgusa chini ya kidole cha kwanza cha mguu wa kushoto, ule mzima, kisha cha tatu, cha tano, katikati ya wayo, kisigino. Nikarudia. Chumba kimya.

Baada ya muda akasema, macho bado ameyafumba, “Anza basi, sista.”

Nilikuwa nimeshamaliza.

Kuhusu kidonda chenyewe sina mengi ya kusema. Nilipoingiza kijiti cha chuma cha kupimia kina, kiligota kwenye kitu kigumu. Ule mgoto unausikia kwa vidole vyako, na maana yake ni kwamba umegusa mfupa, na huenda maambukizi yameshaufikia. Nikapapasa mshipa juu ya mguu, ukawa unapiga, na hiyo ikawa habari njema pekee ya asubuhi ile. Nikampigia daktari wa upasuaji nikiwa nimesimama.

Tulipokuwa tunasubiri gari la kumpeleka, aliniuliza swali ambalo bado ninalo.

“Hivi siku ile nilikwambia kuhusu ganzi, au nilisahau?”

Hakuwa ananishtaki. Alikuwa na wasiwasi na kumbukumbu yake mwenyewe, mtu mzima anayejilaumu kwa kutosema mapema. Ningeweza kunyamaza. Faili lilikuwa upande wangu, miguu kawaida, tarehe na jina langu chini yake.

“Uliniambia, baba,” nikasema. “Uliniambia ukiwa mlangoni, na mimi sikuangalia. Na niliandika kwamba miguu yako iko sawa, hali sikuivua hata soksi.”

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa, akageukia dirisha. Hakunisamehe siku ile, wala sikumwomba anisamehe; mguu ulikuwa wake. Mchana nilimweleza msimamizi wangu yote, nikaongeza maelezo kwenye faili, nikaweka tarehe ya siku hiyo na kutaja wazi kwamba ile ya mwanzo haikuwa kweli. Sikulala usiku ule.

Alikatwa kidole gumba. Wiki zilizofuata niliandika barua ya kuomba kurudi wodini, nikaiweka kwenye droo. Nilijiambia kwamba kule nilikuwa mtu mwema na huku nimekuwa karani mwenye kipimo cha kusikilizia mapigo. Muuguzi mmoja wa zamu yangu ya zamani, mwanamke aliyenifundisha kufunga vidonda, aliisoma barua ile tukiwa tumekaa nje baada ya kazi. Akanirudishia. “Ukirudi, nani ataandikia hao wa kliniki dawa akiwa anawajua?” akauliza, akaondoka kuwahi zamu. Sikumjibu, na barua sikuipeleka. Zipo siku naifikiria.

Huwa naulizwa na wauguzi wadogo kama najutia kuondoka wodini. Nawaambia hapana, kisha nawasimulia juu ya soksi za kijivu, na ninaona wengine hawaelewi kwa nini majibu hayo mawili yanatoka kwa mtu mmoja.

Mzee alirudi baada ya miezi 2. Nilidhani ataomba mtu mwingine, na angekuwa na haki. Jeraha lilikuwa limefunga, kovu limekaa vizuri, na sukari imeshuka hadi asilimia 7.8. Alikuwa amevaa viatu vipya, vipana mbele. Hakusema lolote juu ya siku ile. Aliketi, akainama, akaanza kufungua kamba.

“Acha, baba,” nikamwambia, “nitafungua mimi.”

Nikapiga magoti. Nilikuwa nimechelewa kwa dakika 20 na nje kulikuwa na watu. Nikavua kiatu cha kulia, na kabla sijagusa soksi nikaingiza mkono ndani, hadi mbele kabisa, nikapapasa soli yote kwa ncha za vidole.