Kipande cha mtoto huandikwa kwanza

Ninapoandika wimbo kwa ajili ya watoto wa chekechea, ubeti huja baadaye. Kwanza naandika kiitikio, yaani kile kipande ambacho mtoto wa miaka 3 au 4 atakidaka mara ya kwanza anapousikia wimbo na kukirudisha kwa sauti yake yote. Kikishapatikana hicho, ndipo natafuta maneno ya kiongozi. Walio wengi huanza upande wa pili: wana hadithi nzuri, wana beti tano zenye vina, kisha mwishoni wanabandika "la la la" ili watoto nao wapate cha kuimba. Watoto huisikiliza la la la hiyo kwa adabu, basi.

Sababu yangu ni hii. Keti mbele ya watoto wadogo uwaimbie kitu kigeni, halafu utazame midomo yao. Hawaanzi mwanzoni mwa mstari. Wanadandia mwishoni, kwenye neno la mwisho, mara nyingine silabi ya mwisho tu. Mwanzo wa mstari wao bado wanasikiliza, mwisho ndio wanajiunga. Kwa hiyo neno tamu kuliko yote, lile unalotaka walibebe hadi nyumbani, mahali pake ni mwishoni, na lijirudie.

Huu hapa wimbo niliouandika kwa njia hiyo. Kiongozi anaimba upande wa kwanza, watoto wanaitikia.

Kobe huyo anakwenda — pole, pole, pole!
Na sungura akimbia — mbio, mbio, mbio!
Chura naye anaruka — chubwi, chubwi, chubwi!
Wote sasa wamelala — lala, lala, lala.

Kilichotangulia kuandikwa ni "pole, mbio, chubwi, lala". Maneno manne ya silabi mbili mbili, na kila moja lina mwendo wake mwilini: mtoto anajikokota, anakimbia palepale aliposimama, anaruka na kuchutama, anajilaza. Hakuna anayehitaji kumweleza maana. Kiswahili kimebarikiwa tanakali za sauti, yaani maneno yanayoiga sauti au namna jambo linavyotendeka, na mimi huzichota bila kubana: chubwi, puu, ndi, fofofo, tititi. Mtoto ambaye bado anababaika na sentensi hulitamka "chubwi" kwa ufasaha wote, tena kwa furaha.

Sasa tazama upande wa kiongozi. Kila mstari una mizani 8, yaani silabi 8. Si jambo geni: mshororo wa shairi la kawaida la mizani 16 hugawanyika vipande viwili vya mizani 8, ukwapi na utao. Pumzi ya mtoto inatosha kipande kimoja, kwa hiyo kimoja namwachia kiongozi, na cha pili nakigeuza kiitikio cha mtoto, kifupi zaidi, mizani 6. Akipenda baadaye kuimba na sehemu ya kiongozi, na atapenda, haitamshinda.

Lakini mizani peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Mkazo wa neno la Kiswahili, isipokuwa maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Muziki nao una mapigo mazito na mapesi. Visipokutana, neno linavunjika. Katika wimbo huu pigo zito liko kwenye mizani ya 1, 3, 5 na 7. "Kobe huyo anakwenda" linakaa bila kusukumwa: KO-be HU-yo a-na-KWE-nda. Ila "sungura" lina mkazo katikati, su-NGU-ra. Likianza mstari, pigo zito linaipiga "su", na darasa zima litaimba SU-ngura, neno ambalo halipo. Ndiyo maana kuna ile "na" mwanzoni. Haikuwekwa ili kujaza nafasi. Imelisogeza neno hatua moja, na-su-NGU-ra, sasa "ngu" imekaa juu ya pigo la tatu. Silabi moja tu, na mstari unatembea wenyewe.

Angalia pia viambishi vya mwishoni. "Kiti" kina mkazo kwenye "ki", lakini ukisema "kitini" mkazo umehamia "ti". Ukibadilisha neno katika ubeti wa pili, usidhani wimbo utafuata tu. Liimbe kwa sauti huku ukipiga kofi, ulisikie linapoangukia.

Na ile "m" ya "mti", "mtu", "mtoto" ni silabi kamili, inadai noti yake. Katika "mti" ndiyo hasa yenye mkazo. Nimesikia nyimbo nyingi za watoto ambamo "mti" umebanwa kwenye noti moja, watoto wanaimba "ti" tu na m imemezwa. Mpe m pigo lake, watoto watafunga midomo na kuivumisha, mmm-ti, nao wanaupenda sana mvumo huo.

Wimbo wa pili nauandika hapa kwa sababu ya kitu ambacho lugha yetu inatupa bure: ngeli, yale makundi ya nomino.

Kiko wapi kiti changu? — Kiko hapa!
Viko wapi viti vyangu? — Viko hapa!
Liko wapi jani langu? — Liko hapa!
Uko wapi mti wangu? — Uko hapa!
Yuko wapi paka wangu? — Yuko hapa!

Upatanisho wa kisarufi ni mdundo uliokwisha kutengenezwa. Kiko, kiti, viko, viti, liko, langu. Sauti ileile inagonga mara mbili tatu ndani ya mstari mmoja na mtunzi hajafanya kazi yoyote. Mtoto naye anabadilisha silabi moja tu katika jibu lake, na silabi hiyo ameipewa na kiongozi dakika hiyohiyo. Wapo watoto ambao katika mazungumzo husema "kiti yangu", lakini ndani ya wimbo wanasema "changu" sawasawa kwa sababu mdundo umewashika mkono. Siuiti huu wimbo wa sarufi mbele yao. Ni wimbo wa kutafuta vitu vilivyofichwa chini ya kitambaa.

Kuhusu vina sihangaiki sana. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na irabu ni tano tu, hivyo mistari inalandana hata usipokusudia. Mtoto wa umri huu anakifurahia kiitikio anachokijua kuliko kina anachokigundua.

Sauti ngumu naziacha upande wa kiongozi. Wadogo wengi bado wanasema "langi" badala ya "rangi", na gh, dh, th huwatoka baadaye. Wazisikie kwangu bila kulazimika kuzitamka mbele ya wenzao. Vivyo hivyo tuni: noti tano au sita zilizokaribiana zinatosha, na kwa kiitikio mara nyingi natumia mbili, so inayoshuka kwenda mi, ile sauti ambayo watoto huitumia wakiitana wakati wa mchezo. Ukipanda juu sana wataacha kuimba, watapiga kelele.

Jambo moja linaniuma. Tunapenda mno kuzijaza nyimbo za watoto mawaidha: usifanye hivi, usiguse vile, watii wakubwa. Mtoto anayasikia hayo mchana kutwa. Wimbo ni mahali ambapo yeye ndiye anayejibu, tena anajibu sahihi kila mara. Ukitaka anawe mikono, andika wimbo wa maji yanayochuruzika na vidole vinavyotafutana, naye atanawa hadi umwambie inatosha.

Ukishaandika, jaribu hivi. Imba bila kinanda wala ngoma, polepole kuliko unavyotamani, maana sisi watu wazima huwa tunawakimbiza. Imba mara mbili tatu, kisha unapofika kwenye kiitikio nyamaza. Wakikijaza wenyewe, wimbo upo. Wakikutazama, rudi ukakate maneno.

Halafu waachie waongeze. Ule wa kobe umepata ubeti kutoka kwa msichana mmoja mdogo aliyetaka ng'ombe: "Ng'ombe naye anapita — moo, moo, moo!" Nimepiga kofi nikahesabu: mstari una mizani 8 barabara, na zile moo tatu, kila moja ikivutwa kwa mapigo mawili, zinalingana na kiitikio. Mkazo uko panapostahili. Tumeuweka kabla ya ule wa kulala, kwa sababu ukiwa wa mwisho hakuna anayelala.